Kidole Chenye Piko

BI SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mombasa na wa kwingineko. Wiki iliyopita tuliahidi kuzungumzia mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kumpa mtoto simu ya kusomea, na karatasi ninayo hapa mkononi. Lakini Maalim ameingia studioni na jambo lake, na simu ameshaifungua.

MAALIM: Jambo lenyewe ni la simu na kusoma, Bi Salma, kwa hiyo sijatoka nje ya mada. Juzi mjukuu wangu wa Kidato cha Tatu alinijia na simu ya mamake, akitaka nimsaidie kuchambua sura ya riwaya teule, ile iliyowekwa kwa mtihani. Riwaya hiyo imewafikia kupitia kundi la WhatsApp la wazazi, ukurasa mmoja mmoja, kila mmoja umepigwa picha. Na katika kila ukurasa, chini upande wa kushoto, pana kidole gumba cha mwanamke kinachobana karatasi, kimepambwa piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kuanzia kwenye ukucha. Wanafunzi wamekwisha kumpa mwenye kidole jina. Wanamwita Bi Piko.

BI SALMA: Nawe ukauacha uchambuzi wa riwaya, ukaanza kumchambua Bi Piko.

MAALIM: Ningefanyaje? Kurasa za mwanzo piko ni nyeusi tititi, na maua yake unayaona jani kwa jani. Ukifika katikati ya kitabu yameanza kufifia, na katika sura za mwisho imebaki rangi ya kahawia tu pembeni mwa ukucha. Piko haitoki kwa jioni moja. Mama huyu ameketi na kitabu hicho siku baada ya siku, akifunua, akibana, akipiga, ili watoto wa wenziwe wasome.

BI SALMA: Labda alianza wiki ya harusi, akamaliza fungate ilipokwisha.

MAALIM: Basi ndiye bibi harusi wa kwanza niliyesikia habari zake aliyekwenda fungate na riwaya ya mtihani.

BI SALMA: Na mjukuu wako anayasoma maandishi yenyewe, au anakisia?

MAALIM: Hapo ndipo penye shida. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi kutumwa, na kila inapopigwa picha upya kutoka kwenye kioo cha simu nyingine, herufi huzidi kuvia. Bi Piko angalizituma kama faili, zingalifika zikiwa safi. Zaidi ya hayo, pale chini kidole kinafunika nusu ya mstari. Mjukuu wangu alinukuu katika insha yake sentensi isiyokuwa na mwisho, kwa kuwa mwisho wake ulikuwa chini ya kidole, na mwalimu wake akamwekea alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Sasa darasani wakikosa jibu husema kwamba Bi Piko amelikalia.

BI SALMA: Nimecheka, Maalim, lakini nina swali. Mwandishi wa riwaya hiyo ni nani?

MAALIM: Picha zimeanzia sura ya kwanza. Jalada halimo.

BI SALMA: Basi ndilo jambo linaloniuma. Ukurasa wenye jina la mwandishi, mchapishaji na hakimiliki ndio ulioachwa. Darasa zima linamjua mwenye kidole, na wewe umemsifu kwa subira yake, lakini aliyekaa miaka akiitunga hadithi hatajwi hata mara moja.

MAALIM: Mimi sioni dhambi yake. Pwani yetu ni ya kunakili, mwanangu. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake mmoja, Mwana Hashima, nao ukatoka mkono hadi mkono kwa kunakiliwa, pasipo mtu kuomba ruhusa wala kulipa. Mashairi ya Muyaka wa Haji yaliishi vichwani mwa watu wa mji huu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya pamoja na Taylor, mmisionari Mwingereza, na diwani ikaja kuchapwa Johannesburg mwaka 1940, takriban miaka mia moja baada ya Muyaka kufariki. Hati za Taylor ziko London. Zamani mtu wa Kibokoni aliyetaka kuona hati kama hizo ilimbidi apande ndege, na leo nyingi za huko zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mbona pale tunashangilia, na kwa Bi Piko tunakunja uso?

BI SALMA: Kwa sababu Muyaka halipi kodi ya nyumba. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Muyaka alikwisha kuwa kaburini kabla mtu yeyote hapa hajaifikiria sheria kama hiyo. Mwandishi wa riwaya teule yu hai, na mrabaha wake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kila nakala inayouzwa. Ninazihariri kazi hizi, kwa hiyo namjua mtu anayesubiri hundi hiyo kulipa karo ya mwanawe. Wanafunzi wa nchi nzima wanasoma kitabu chake na hundi inakuja nyembamba.

MAALIM: Na mzazi wa Majengo mwenye watoto wanne shuleni? Mwaka 2013 serikali iliviingiza vitabu kwenye kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na hakuna aliyeiita wizi. Bi Piko anapofungua mlango ndipo tunapokumbuka sheria.

BI SALMA: Mimi niliiita wizi wakati ule, na ningali naiita. Lakini jibu la kodi mbaya ni kuipinga kodi, si kumhamishia hasara mtu asiyeitoza.

MAALIM: Mtoto ana mtihani mwaka ujao. Hawezi kungoja Bunge.

BI SALMA: Mwandishi naye hawezi kungoja miaka mia moja, achapwe akiwa mifupa.

MAALIM: Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika pwani yetu mwaka 2009, kupeleka kitabu kutoka Likoni hadi Lamu kumekuwa kazi ya dakika moja. Wachapishaji wangaliuza sura moja moja kwa simu, kwa bei ndogo, wazazi wangalinunua. Anayekosekana sokoni ndiye aliyemwachia Bi Piko nafasi.

BI SALMA: Wapo waliojaribu kuuza vitabu vya kidijitali, na mnunuzi mmoja alitosha kulisha kundi zima la wazazi. Unamshauri mchapishaji auze kitu ambacho umekwisha kusema si dhambi kukichukua bure.

MAALIM: Nimesema si dhambi kwa asiyekuwa nacho.

BI SALMA: Na nani anayemkagua asiyekuwa nacho? Simu iliyopokea picha hizo ina thamani ya vitabu vingi.

MAALIM: Simu ni ya nyumba nzima, Bi Salma. Inapiga, inapokea pesa, inaamsha watu alfajiri. Usiipime kwa kitabu kimoja.

BI SALMA: Hatutaelewana.

MAALIM: Leo hapana, na sidhani kesho.

BI SALMA: Fundi mitambo ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili, na katika yale mambo matatu hatujagusa hata la kwanza. Lilihusu maktaba ya umma iliyoko hapa mjini, ambako kitabu huazimwa bila kumdhulumu mtu. Mengine mawili siyataji, kwa maana Maalim atayabishia.

MAALIM: Hilo la kuazima nalikubali.

BI SALMA: Nitakuletea nakala ya riwaya hiyo Ijumaa, yenye jalada na jina la mwandishi, na utanilipa bei ya dukani.

MAALIM: Nitakulipa. Mjukuu wangu akiimaliza atamwazima mtoto wa jirani.

BI SALMA: Amwazime, ni haki yake.

MAALIM: Na mama wa jirani akiipiga picha?

BI SALMA: Fundi, zima mitambo.