Wanaopitisha Bajeti Husoma Kutoka Nyuma

Haya, huko nyuma mnanisikia? Maiki inakwaruza kidogo ila tutaenda nayo hivyohivyo. Waliowahi kunisikiliza wanajua nitaanza na stori ya mwenyekiti, na kweli naanza nayo, maana kila mara naletewa wasilisho la kuombea hafla nilikague na bado nakuta kosa lilelile nililofanya mimi.

Tulikuwa tunaomba kibali cha kongamano la siku mbili. Slaidi 34, sitanii. Ya kwanza nembo, ya pili utangulizi, ya tatu historia yetu, ya nne dira na dhamira, hivi kuna mtu alishawahi kusaini hela kwa ajili ya dira na dhamira? Basi tumependeza, mwenzangu anabonyeza laptopu, mimi naongea. Mwenyekiti tulikuwa tumempa nakala ya karatasi. Akaigeuza mgongo juu, akaanza kupekua kutoka mwisho, analamba kidole, anafunua, analamba, anafunua, mpaka akafika slaidi ya 31 penye jedwali la gharama, akaweka kalamu pale katikati akaifunga karatasi juu yake, akaniangalia tu. Mimi niko slaidi ya sita, nahangaika na malengo mahususi. Akasema, "Kijana, hii ya ukumbi mbona mmeiandika mara mbili?" Na kweli ilikuwepo mara mbili, mstari wa 4 na mstari wa 17. Basi kikao kizima kikageuza makaratasi kutafuta kingine, mimi naongea na ukuta. Dakika 11 tuko nje na laptopu yetu kwapani.

Tangu siku ile huwa naangalia mikono ya watu kwenye vikao badala ya nyuso, na mikono inaenda kulekule nyuma. Anayeidhinisha anatafuta vitu vitatu: mnataka nini, shilingi ngapi, na ikibuma nani anabeba. Sasa kwa nini unamficha? Slaidi ya kwanza iandike: tunaomba mpitishe kiasi hiki, kwa shughuli ya tarehe hii, watu 300, na jibu tunalihitaji kabla ya siku fulani kwa sababu ukumbi tumeshikiwa mpaka hapo tu. Basi. Hayo mengine yote yawe yanaitetea hiyo sentensi.

Namuona mtu anatikisa kichwa pale. Unasema ukianza na hela utawashtua. Bana, watashtuka tu! Ukiitaja mwanzo unazo dakika zako zote za kuwatuliza, ukiitaja mwisho wanashtuka wewe unakunja waya wa projekta.

Na wale wa "lakini tuliandika, ipo slaidi ya 31", ngoja niwaambie kitu. Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilisambaratika Februari 2003, wanaanga 7 wakafa. Kilikuwa bado huko juu wahandisi walipokaa kujadili kipande cha povu gumu, lile la kukinga tangi la mafuta, kilichobanduka na kupiga bawa chombo kiliporuka. Kwenye slaidi, kichwa cha habari kinatuliza roho, halafu chini kabisa kwa maandishi madogo ndipo unakuta kwamba kipande chenyewe kilikadiriwa kuwa kikubwa mara 640 kuliko kile cha kwenye majaribio. Bodi ya uchunguzi iliitaja slaidi hiyo kwenye ripoti. Sisemi slaidi ndiyo iliyoua, bawa lilitobolewa na povu. Nasema iliandikwa na haikusomeka. Hafla yenu siyo roketi najua, ila mwenyekiti wenu naye hana darubini.

Naoneshwa dakika tano hapa, haya tukimbie. Guy Kawasaki, yule mwekezaji na mwandishi wa vitabu vya biashara, ana kanuni yake ya slaidi 10, dakika 20, herufi saizi 30, mimi hizo 20 bado naona nyingi. Bajeti iwe na fungu la dharura, wengi huweka asilimia 10, na liandikwe kwa jina lake, msilifiche ndani ya "mengineyo", hiyo "mengineyo" ndiyo inawachongea. Kama kuna kiingilio semeni wakija watu wangapi gharama inarudi, mfano 180 kati ya 300, na wakija 90 mtafanya nini, mkisema "tunaamini watakuja" mmekwisha. Mhazini muoneni kabla ya kikao, akikuta kosa akiwa ofisini kwake atawasahihisha, akilikuta mbele ya wenzake atawachinja. Jumlisheni bajeti kwa kikokotoo, halafu mtu mwingine ajumlishe tena. Wadhamini nilitaka kuwasemea kirefu, haitawezekana leo.

Dada mwenye bahasha, umenyoosha mkono tangu naanza, kikao chenu ni kesho eti? Lete hilo wasilisho nilione. Hapana usinifungulie, nipe tu, naanzia nyuma.