Sikio la Pili Si la Akiba

Wazazi wenzangu na walimu, shikamooni wakubwa. Tufumbe macho kidogo. Nitapiga kofi moja, nanyi mnyooshe kidole kule lilikotokea... Haya, fumbueni. Karibu wote mmepata. Sasa zibeni sikio la kulia, turudie... Oneni vidole vilivyotawanyika!

Binti yangu alipokuwa na miaka sita aliugua matubwitubwi, yakamwachia uziwi wa sikio moja. Nyumbani hatukugundua, maana palipo na utulivu alisikia kila neno. Ila tukiwa sokoni nikimwita, alizunguka kama pia, akatazama kila upande isipokuwa nilikosimama. Nikamgombeza kwamba hajali. Hilo linaniuma hadi leo.

Sauti ikitoka kulia, hutangulia sikio la kulia. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaidaka. Tena kichwa chenyewe ni kizuizi: sauti nyembamba hufika sikio la pili ikiwa hafifu, ilhali sauti nene hukizunguka kichwa na kupita. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, aliyaeleza haya mawili mwaka 1907.

Je, mbele na nyuma? Hapo ndipo pagumu. Sauti iliyo mbele yako sawasawa na iliyo nyuma yako sawasawa, zote hufika masikio mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu ileile. Kinachotuokoa ni mikunjo ya sikio la nje, ambayo huibadili sauti kidogo kulingana na inakotoka. Alama hizo ni ndogo mno, na nyingi zimo kwenye sauti nyembamba, kwa hiyo kelele huzifunika mapema. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1996 yalionyesha hivyo: kelele zikizidi, watu huchanganya mbele na nyuma kwanza, huku kulia na kushoto wakiendelea kupatia kwa muda mrefu zaidi. Ukiwa stendi, makonda wanaita, injini zinanguruma, honi ya bodaboda unajua iko upande gani, ila hujui kama inakujia usoni au mgongoni. Ndiyo maana shingo hugeuka yenyewe. Ukigeukia kulia, sauti iliyokuwa mbele huhamia sikio la kushoto. Iliyokuwa nyuma huhamia la kulia.

Mtoto wa sikio moja hana kipimo hicho cha masikio mawili. Kelele zikianza, pia anashindwa kuichambua sauti ya mwalimu kutoka kwenye gumzo la darasa.

Walimu, nawaomba: kama sikio la kulia ndilo halisikii, mkalisheni karibu na ukuta wa kulia, mbele, sikio zima lielekee darasa. Mbali na dirisha la barabarani, tafadhali. Na barabara asivushwe kwa kutegemea honi.

Sisi sokoni tukimwita, tunanyanyua mkono juu. Naye siku hizi hazunguki tena. Anasimama, anatafuta mkono.