Mfereji wa Ioni Si Chekeche

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni kosa lile lile. Nitalisema hadi siku nitakapoacha kulikuta kwenye karatasi za mitihani: "mfereji wa ioni husukuma potasiamu nje ya seli." (Ioni ni atomi yenye chaji ya umeme.) Hausukumi! Kusukuma ni kazi ya pampu, nayo hula ATP, nishati ya seli. Mfereji ni protini kwenye utando wa seli, yenye tundu katikati. Ukifunguka, ioni zinateremka zenyewe.

La pili ndilo linalonipandisha presha: eti mfereji huchambua ioni kwa ukubwa, kama chekeche. Haya. Mfereji wa potasiamu hupitisha potasiamu, huzuia sodiamu. Nusukipenyo cha potasiamu ni nanomita 0.133, cha sodiamu 0.095. Chekeche gani hiyo inayopitisha choroko ikazuia ulezi?

Ioni majini haitembei peke yake. Ni bibi harusi na wapambe wake: molekuli za maji zimemzunguka, na kumbandua kwao kunagharimu nishati. Mfereji wa potasiamu una mahali pembamba ambapo wapambe hawapiti. Lakini humo ukutani zimejipanga atomi za oksijeni, mashangazi wamekwisha nyoosha mikono. Potasiamu anaachiwa huku, anapokewa huku, hakupoteza kitu. Sodiamu je? Kembamba mno kale, na mikono ya mashangazi imejengewa ukutani, haikafikii. Kaache wapambe halafu kasishikwe na mtu? Kanabaki nje. Umbo hilo mwanasayansi Mmarekani Roderick MacKinnon na wenzake walilionyesha mwaka 1998, kwa mfereji wa bakteria wa udongoni. Nobel yake akaipata 2003.

Mtaniambia: potasiamu akishikwa hivyo si atakwama? Angekwama, kama angekuwa peke yake. Humo ndani wamepanga foleni, wote chaji chanya, hawapendani. Anayeingia nyuma anamtoa wa mbele. Ndiyo maana mfereji mmoja hupitisha ioni hadi milioni 100 kwa sekunde.

Nilitaka kueleza lango la mfereji linavyohisi volteji, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Basi samaki bunju tu, maana watu wa pwani mnamjua. Sumu yake huziba mfereji wa sodiamu kwa nje, kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu. Neva zinanyamaza, misuli ya kupumua inalegea. Sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo huziba mfereji huohuo, ila kutokea ndani. Na hiyo mnailipia.