Mtoto anafikisha miaka mitatu safarini, nalipa silipi? Najibu leo halafu basi

Haya jamani, mambo vipi. Msishangae hiyo feni inavyolia, nipo Dar, nipo Tabata kwa mama, na hiki chumba nilichokaa kilikuwa changu zamani ila siku hizi ni stoo ya masufuria ya shughuli, kwa hiyo mkiona kitu kinang'aa nyuma yangu ni sufuria la pilau la mtaa mzima. Na bodaboda mtazisikia, sina la kufanya.

Leo najibu swali moja tu. Tangu nilipoweka ile vidio ya mdogo wangu alipokuja Florida na wanawe mwaka 2023, kila wiki lazima mtu aniulize, "Dada, mwanangu anafikisha miaka mitatu katikati ya safari, pale Disney, kwenye bustani ya michezo, nimkatie tiketi au anaingia bure?" Nikijibu mmoja anakuja mwingine, kuna mama kauliza hivyo hivyo na jibu liko kwenye komenti ya juu yake kabisa, yaani angepandisha macho tu.

Na najua nikifungua mdomo mtaanza. Wa kwanza atasema natamba, watu hawana maji we unatuletea habari za mapanya ya katuni. Wa pili atasema nalialia, kama huko kugumu si urudi. Sasa chagueni moja, siwezi kuwa tajiri na omba omba kwenye vidio moja. Mimi nabeba boksi kama wenzangu, natunza wazee, zamu za usiku, na pale mahali nimekanyaga mara mbili kwa miaka saba, zote mbili kwa ajili ya wageni. Ndiyo maisha ya mwenyeji. Hata hapa ni wangapi wamezaliwa Dar na Mbudya hawajawahi kwenda mpaka aje mgeni kutoka Mwanza?

Sheria yenyewe fupi. Kule Walt Disney World, Florida, mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwenye hesabu, bure. Kuanzia 3 mpaka 9 tiketi ya mtoto. Kuanzia 10 ni mtu mzima. Umenisikia, 10. Mtoto wa darasa la nne ambaye nyumbani bado anatumwa chumvi dukani, pale geti analipa sawa na baba yake mwenye ndevu. Na hiyo tiketi ya mtoto msidhani ni nusu bei kama daladala ya mwanafunzi, inapungua dola chache tu, na zote zinapita dola 100 kwa siku moja, kwa hiyo siku mtoto anapotimiza miaka 3 anatoka kwenye sifuri anaruka moja kwa moja kwenye laki mbili na zaidi za kwetu. Ndiyo maana watu mnaniuliza kwa uchungu, nawaelewa.

Sasa kisa cha mdogo wangu, maana mlikiona juu juu tu.

Mtoto wake, tumwite Chidi, kazaliwa tarehe 14 Agosti 2020. Wanakuja Agosti 2023. Mimi nikapiga hesabu zangu vizuri kabisa, wanafikia kwangu Tampa, Jumamosi tarehe 12 tunaendesha saa moja na nusu mpaka Orlando, mtoto bado ana miaka miwili, anapita bure, tarehe 14 tunapika pilau nyumbani anakata keki. Nilijiona mjanja. Nikamwambia mdogo wangu nitumie picha za paspoti ninunue tiketi, maana mwaka ule ukishanunua ilibidi uweke na nafasi ya siku kwa kila mwenye miaka 3 na kuendelea, hilo la nafasi kwa tiketi zenye tarehe maalumu walishaliondoa Januari 2024. Akatuma. Nafungua ya Chidi nakuta tarehe 4 Agosti. Siyo 14. Nne.

Nampigia, ananiambia aah hiyo ni ya kwenye makaratasi, ya kweli ni 14. Kumbe hospitali alikojifungulia, sitaitaja, aliyejaza lile tangazo la kizazi ile moja ya mbele kaisahau. Cheti cha kuzaliwa kikatoka na 4, paspoti ikafuata cheti, viza ikafuata paspoti. Alijaribu kurekebisha, akaambiwa nenda rudi, leta kiapo, muhuri haujasomeka, aliyesaini yuko likizo, mwisho akachoka, akasema siku kumi zitamdhuru nini mtoto. Na mimi ningechoka. Mnaopanga safari, ngojeni nicheke kidogo, zimemdhuru dada yake, yaani mimi, dola mia na kitu.

Kwa sababu kwa karatasi Chidi alitua Tampa akiwa tayari na miaka mitatu na siku mbili. Kwa tumbo la mama yake bado miwili. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, mdogo wangu anasema nimezaa mimi najua siku niliyozaa, shemeji kwenye simu anasema pitisheni tu wazungu hawajui umri wa mtoto mweusi, mama naye yuko pembeni ya simu huku Tabata anasema alizaliwa usiku wa mvua. Mvua ya Agosti Dar, mama!

Najua mtaniandikia kwamba pale geti hawaulizi paspoti ya mtoto mdogo. Kweli, sisi hawakutuuliza chochote, na watu kibao wanapitisha wa miaka minne amebebwa mgongoni eti kalala. Wewe na roho yako. Mimi niliona hivi, huyu ni mgeni, ana viza, mimi mwenyewe makaratasi yangu nimeyahangaikia miaka, siwezi kusimama mbele ya mtu mwenye sare nikasema uongo kwa ajili ya mashine ya tembo wanaozunguka. Nikalipa. Na nimelipa mimi, maana shemeji alisema "si upo huko". Hiyo kauli nitaitengenezea vidio yake.

Yule dada yake Chidi wa miaka 10, tiketi ya mtu mzima. Maegesho dola 25, wakati huo, zikapanda mwaka huo huo. Halafu ukishaegesha hujafika, unapanda feri au treni ya juu ndiyo ukafike getini Magic Kingdom, moja ya bustani za hapo Disney. Mdogo wangu alipoiona feri alinigeukia akasema, "Yaani nimetoka Kigamboni nije nipande pantoni?"

Kitu kilichoniuma zaidi ni ndani. Umeshalipa umri, unafika kwenye michezo yenyewe unakuta hawaangalii umri kabisa, wanaangalia urefu. Kuna kijiti, mtoto anasimamishwa. Ile treni ya wale mbilikimo saba inataka sentimita 97, ile nyingine ya Space Mountain 112. Chidi ana 94, nilimpima ukutani kwangu na futi kamba ya fundi. Kwa hiyo getini ni mkubwa wa kulipa, ndani ni mdogo wa kupanda. Alizunguka na tembo, akapanda boti ya wale midoli wanaoimba, farasi wa kuzunguka mara tatu, basi. Dada yake ndiye alifaidi, na sisi wakubwa tulipokezana, maana wana utaratibu mmoja mnaacha mtoto na mtu mmoja nje, mwingine anapanda, halafu mnabadilishana bila kupanga foleni upya. Hiyo uliza pale mlangoni pa mchezo, usione aibu.

Mchana ikanyesha, Florida Agosti mvua ya mchana ni kama adhana, inajua saa yake. Tukajibanza, tukatoa kuku na chapati. Ndiyo, chakula unaingia nacho, mradi siyo chupa za glasi wala pombe. Mlionicheka kwa lile kontena la chapati kwenye vidio mnielewe, familia ya watu watano pale ukinunua chakula mara mbili umemaliza hela ya mchango wa harusi. Mwenye mtoto wa chini ya 3 kwenye zile bafe zao anakula bure kwenye sahani ya mzazi, lakini wetu ndiyo hivyo, alishakua kwa karatasi.

Ila walimpa beji ya bethidei, bure. Niliingia ofisi ya wageni nikasema mtoto ana bethidei, yule kijana hakuuliza lini, akaandika jina akambandika. Kila mfanyakazi akipita anamtakia heri, na mdogo wangu akanikazia macho nisiseme kitu.

Sasa wanaolala kwenye hoteli za Disney wenyewe kwa paketi, yaani hoteli na tiketi mnalipia pamoja, nyie ni habari nyingine. Sisi tulivyoelezwa nilipowapigia, kwa paketi wanaangalia mtoto ana umri gani siku mnayoingia hotelini, akiwa na miwili siku hiyo anahesabiwa miwili mpaka mnaondoka hata akikata keki siku ya tatu. Mnaofikia kwa ndugu, kama sisi, hamna siku ya kuingia hotelini, kwa hiyo siku unayosimama getini ndiyo siku yako. Nendeni kabla ya bethidei, na sherehe mfanye siku nyingine. Najua mnataka picha ya siku yenyewe kwa ajili ya stetasi, hiyo picha ndiyo inauzwa laki mbili na nusu. Hiyo ni kwa uzoefu wangu, mwingine labda alipata jibu lingine, sitaki kesho mtu aje "ulisema". Na wale wa Ufaransa msichanganye, Disneyland Paris chini ya 3 ni bure vile vile lakini tiketi ya mtoto inaenda mpaka 11.

Halafu kuna hili nalisema kwa aibu. Mimi mwalimu wa wenzangu. Nimekuja hapa na binti yangu, wakati nanunua tiketi ya ndege alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, nikamkatia ya kupakatwa, ile ya karibu asilimia kumi ya nauli ya mkubwa, nikafurahi. Jumanne iliyopita katimiza miaka miwili, hapa hapa kwenye kibaraza cha bibi yake, ubwabwa, maputo, majirani. Jumatano shirika, silitaji, linaniambia kwa kurudi huyo ni mtoto wa kiti. Ndege inahesabu umri wa siku ya kila safari, akitimiza miwili kabla ya kurudi, kurudi ananunuliwa kiti chake, kwa nauli ya mtoto, ambayo kwangu ilikuja karibu robo tatu ya yangu. Niliwauliza kwa nini mfumo ulinikubalia wakati tarehe ya kuzaliwa niliijaza mwenyewe. Dada wa kwenye simu kanyamaza, halafu kaniuliza kama kuna kingine anaweza kunisaidia. Nimelipa. Hela ya bati za mama imekaa kwenye kiti cha mtu ambaye nina uhakika atalala mapajani kwangu safari nzima.

Sasa kuna aliyeandika "diaspora hamna shida za kweli". Sawa kaka.

Mambo ya viza msiniulize. Wao walilipa dola 160 kila kichwa, mpaka na Chidi, wakaponea chupuchupu maana Juni 2023 ikapanda 185, lakini toka hapo yamebadilika sana, ulizeni ubalozini, siyo mimi.

Namalizia na yule mama wa Mbezi, maana kaniuliza mara tano na ana adabu. Umesema mnaingia hotelini kwao tarehe 15 Desemba, mtoto anafikisha mitatu tarehe 19, mnatoka 22. Dada yangu, kwanza toa paspoti ya mtoto uangalie tarehe kwa macho yako, usinitajie ya kichwani. Ikiwa ni 19 kweli, waandikie kabla hujalipa, uwatajie tarehe zote tatu, na jibu lao ulihifadhi kwenye simu na ulichapishe, steshenari yoyote hapo mtaani. Halafu angalia tiketi ya ndege ya yule mwanao mdogo wa mwaka mmoja, hukuniambia anatimiza lini.

Mama ananiita, sufuria linatakiwa.