Daktari Bingwa Aliyeulizwa Choo

RUKIA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi masomo matatu kwa mhudumu wa afya anayetaka kwenda kusaidia nchi ya kigeni iliyopigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Kabla ya hayo, nina kisa cha Jumanne ambacho Daktari Masudi hatakipenda.

MASUDI: Ukianza hivyo, Dada Rukia, ninajua kinawahusu madaktari wa upasuaji.

RUKIA: Kinawahusu. Katika mafunzo ya timu za dharura, mkufunzi alimtaka kila mmoja wetu aandike vitu ambavyo angebeba iwapo angeitwa usiku huo huo. Daktari bingwa mmoja wa mifupa alijaza ukurasa mzima kwa misumeno, vyuma vya kuungia mifupa na dawa za usingizi, akausoma kwa fahari. Mkufunzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa adabu kabisa: "Na choo chako, Daktari, kiko wapi?"

MASUDI: Mkufunzi huyo alikuwa akitafuta kicheko tu.

RUKIA: Alikipata, lakini swali lilikuwa halali. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vinaitaka timu ya tiba ya dharura ijitegemee kwa chakula, maji, umeme, malazi na uondoaji wa taka zake kwa muda usiopungua wiki mbili. Timu ya ngazi ya pili, ile inayopaswa kumudu upasuaji mkubwa 7 kwa siku na kuwa na vitanda 20 vya kulaza wagonjwa, ni umati wa watu wanaokula na kwenda haja kila siku katika mji ambao mabomba yake yamepasuka.

MASUDI: Viwango hivyo vilitoka mwaka 2013, na kilichovizaa ni Haiti. Tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, na miji ya jirani, hospitali zikaanguka, na chuo cha taifa cha uuguzi kikaporomoka kikiwa na wanafunzi ndani. Ninaomba tuanzie hapo, kwa sababu somo langu la kwanza linahusu watu waliobanwa chini ya kifusi.

RUKIA: Anza, Daktari, nami nitajizuia.

MASUDI: Msuli uliobanwa kwa saa nyingi hufa na kutoa potasiamu pamoja na protini inayoziba figo. Zege linapoinuliwa ghafla, sumu hiyo huingia katika mzunguko wa damu, na mtu aliyekuwa akizungumza na waokoaji anaweza kufa mikononi mwao. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa dripu ya maji ya chumvi angali amebanwa, ikiwa mkono wake mmoja unafikika, wala hapewi dripu ya aina ya Ringer, kwa kuwa ina potasiamu. Baada ya tetemeko la Armenia la mwaka 1988, mabingwa wa figo waliunda mtandao wa kimataifa wa kupeleka mashine na wataalamu wa kusafisha damu, na katika tetemeko la Marmara nchini Uturuki, mwaka 1999, wagonjwa 477 walihitaji huduma hiyo.

RUKIA: Na unajuaje kwamba dripu hiyo inafanya kazi?

MASUDI: Unapima mkojo wa mgonjwa kila saa.

RUKIA: Mkojo huo unaumwaga wapi?

MASUDI: Nilijua tutarudi chooni.

RUKIA: Tunarudi kwa sababu ya kipindupindu. Mwezi Oktoba mwaka ule ule wa 2010, maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais yaliingia katika kijito kinachomwaga maji yake kwenye mto Artibonite. Ugonjwa ambao Haiti haikuwa imeushuhudia kwa takriban karne moja uliwapata watu zaidi ya 800,000, na karibu 10,000 wakafa. Choo cha mgeni kiliua.

MASUDI: Wale walikuwa wanajeshi, Dada Rukia, na ujumbe wao ulikuwapo Haiti tangu 2004. Usiwabebeshe madaktari mzigo usio wao.

RUKIA: Siwabebeshi. Ninachosema ni kwamba daktari anayekwenda peke yake, bila timu, anakunywa maji ya majeruhi na kulala mahali ambapo majeruhi angelala.

MASUDI: Hapo ndipo ninapokataa. Ndege ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka iliyobeba hospitali ya mahema ya kujazwa hewa ilizuiwa kutua Port-au-Prince, ikageuzwa kwenda Jamhuri ya Dominika, ilhali madaktari wengine waliingia kwa barabara kutoka huko huko wakaanza kupasua. Kidonda cha mfupa uliochomoza nje hakisubiri barua ya mwaliko. Kikioza, mgonjwa hufa akiwa na choo kizuri.

RUKIA: Na mguu ukishakatwa, nani anabadilisha bandeji siku ya kumi? Wapo waliokata viungo, wakaondoka baada ya wiki moja bila kuacha maandishi ambayo muuguzi wa Haiti angeweza kuyafuata. Mimi ndiye ninayebaki na mgonjwa wodini, Daktari, kwa hiyo ninamfikiria anayerithi kazi yenu.

MASUDI: Anarithi mgonjwa aliye hai.

RUKIA: Anarithi pia kigutu kinachohitaji kupasuliwa tena, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hayupo, na, ikiwa mgonjwa ni mtoto, mguu wa bandia utakaobadilishwa kila anapokua.

MASUDI: Hayo yote ni kweli, na bado ningekwenda.

RUKIA: Nami bado ningekuzuia mpakani.

MASUDI: Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili, yaani dakika mbili zimebaki, na somo la pili na la tatu hatujayagusa. Wakunga ndio waliokuwa somo la pili, maana wajawazito hujifungua hata ukuta ukiwa umeanguka.

RUKIA: Watatusamehe. Anayetaka kwenda ajiunge sasa na timu inayotambuliwa na wizara ya afya, apate ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wake, na abebe nakala ya leseni yake ya taaluma. Asiyeitwa atume fedha. Dawa za kuokoteza asitume, kwani baada ya tetemeko lile la 1988, Armenia ilipokea takriban tani 5,000 za dawa na vifaa tiba, na sehemu kubwa haikufaa kwa dharura ile.

MASUDI: La dawa ninaliunga mkono. Lile la asiyeitwa, hapana.

RUKIA: Muda umekwisha, Daktari.