Habari Itangulie Mzigo

Mhadhara wa jioni kwa wafanyabiashara wa sokoni na wanafunzi wa ugavi, Ilala, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa sokoni, asanteni kwa kufunga mapema. Vijana, mambo? [Ukumbi: Poa!] Naona wengine mmetoka kazini moja kwa moja, kalamu bado iko sikioni, kwa hiyo sitaanza na tafsiri za maneno. Naanza na tenga la nyanya.

Tenga hilo limejazwa Ilula, mkoani Iringa, jana mchana. Fuso imeshuka Kitonga usiku, ikapita Mikumi, ikapita Morogoro, ikakaa kwenye foleni, na alfajiri inaingia soko la Ilala hapo jirani. Njia nzima hiyo, mwenye nyanya kuna jambo moja halijui: ni Fuso ngapi nyingine zimepakia usiku uleule. Zikiwa chache, ada ya watoto imepatikana. Zikiwa nyingi, ikifika saa nne asubuhi anauza kwa bei ya kutupa, na zinazobaki mnajua zinakoishia, maana harufu yake mnaipita kila siku.

Vitabuni hiyo inaitwa hasara ya baada ya mavuno. Mimi naiita hasara ya habari. Barabara ilikuwepo, gari lilikuwepo, hata walaji walikuwepo; mji huu haujawahi kushiba nyanya. Hakuna aliyemwambia mkulima asubiri siku mbili. Na ile nyanya ikioza, imeoza pamoja na maji yaliyoinywesha, mbolea iliyoikuza na dizeli iliyoileta kilomita mia kadhaa. Mkisikia watu wa mazingira wanasema "mnyororo endelevu wa ugavi", msidhani ni jambo la Ulaya. Linaanzia kwenye lile jalala la nyuma ya soko.

Nikisema mnyororo wa ugavi, basi, nataka muone vitu viwili vinavyopishana njiani. Mzigo unakuja kwetu, kutoka shambani, kiwandani au Guangzhou. Habari inarudi kule mzigo ulikotoka: nini kimeuzwa, nini kimekwama, nini kimeisha. Simu, kompyuta, programu, mitambo yote tunayoisifia haibebi hata tenga moja. Kazi yake ni ile habari inayorudi.

Na habari ikirudi imepotoka, ni balaa. Jay Forrester wa chuo cha MIT kule Marekani alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1961, na siku hizi tunaliita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka juu ya paa. Mnataka mfano? Sukari. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, uzalishaji viwandani ukashuka, na Januari 2024 serikali ikatangaza bei elekezi. Upungufu ulikuwa wa kweli. Lakini tuambiane, kwa kuwa tuko wenyewe humu ndani: nani kati yenu aliyezoea kuchukua mifuko mitano hakuagiza kumi? [Kicheko.] Mangi wa mtaani akaagiza mara mbili, wa jumla akaona oda zimepanda akaagiza mara tatu, na kila mmoja akabakiza kidogo stoo, "kwa ajili ya wateja wangu." Oda ilipofika juu kabisa haikufanana tena na chai inayonywewa Manzese. Ilikuwa picha ya hofu yetu.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Ni cha hapahapa Tanzania.

Mwaka 2009, vituo vyetu vya afya vijijini vilikuwa vikiishiwa dawa mseto ya malaria, na bohari haikujua mpaka fomu ya karatasi ifike, tena ikifika. Likaanzishwa jaribio lililoitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo 129, wiki 21. Kila Alhamisi mhudumu anapata ujumbe kwenye simu yake ya mkononi, anakwenda kabatini, anahesabu dawa, anajibu kwa ujumbe ambao haumgharimu kitu. Akijibu kwa wakati, anawekewa muda wa maongezi. Basi. Hakuna simu janja, hakuna mafunzo ya miezi sita hotelini.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa za malaria. Wiki ya 21 ilibaki asilimia 26.

Wanafunzi, andikeni kwa nini ilifanya kazi. Aliyetoa habari alifaidika palepale, kwa vocha. Aliyeipokea, yaani uongozi wa afya wa wilaya, alikuwa na uwezo wa kutenda: kituo hiki kimejaa, kile kimekauka, dawa ihamishwe, haisubiriwi kutoka mkoani. Na swali lenyewe lilikuwa fupi, una ngapi kabatini. Nimeona mifumo mingapi mjini hapa inayomuuliza mtunza stoo maswali arobaini, naye anajaza uongo ili akale mchana!

Linganisheni na wakubwa wa dunia. Mwaka 2018 Maersk, kampuni ya meli, na IBM, kampuni ya kompyuta, walizindua TradeLens, jukwaa la kushirikishana nyaraka za makontena kwa teknolojia ya blokucheni, yaani daftari la kompyuta ambalo wengi wana nakala yake na hakuna anayeweza kulifuta kimyakimya. Lilisifiwa sana; hata mimi nililisifu darasani, nakiri. Novemba 2022 wakatangaza kulifunga. Sababu waliyoitoa ni kwamba ushirikiano wa sekta nzima duniani haukupatikana. Mimi nasoma hivi: nani atapeleka siri za wateja wake kwenye nyumba iliyojengwa na mshindani wake? Ujumbe wa simu ya tochi ulifika palepale ambapo blokucheni ilishindwa, kwa sababu mtoa habari wa Ulanga hakuwa na cha kuogopa.

Hiyo ni habari kusafiri. Je, ikikatika?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, iliharibika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kunyang'anyana. Jumatatu nilikuwa kwenye ghala moja hapa mjini, silitaji, ambalo miezi michache nyuma lilikuwa limetupa makaratasi yote kwa shangwe. Mfumo wao ulikuwa unakaa kwenye kompyuta za ng'ambo. Bila mtandao hati ya kutokea haichapwi, na bila hati geti halifunguliwi. Malori yamepakiwa, madereva wamejilaza chini ya matela, wasomi tunatazamana. Aliyetuokoa ni mzee wa getini. Alikuwa na kauntabuku yake, ameandika kila gari lililoingia, namba, saa na mzigo, miaka yote hiyo. Tulimcheka wiki ya kuzindua mfumo. Siku ile tulimletea chai.

Msidhani ni ushamba wetu. Juni 2017 kirusi cha kompyuta kilichoitwa NotPetya kiliivamia Maersk hiyohiyo. Kompyuta zilizima dunia nzima, malori yakapanga foleni kwenye mageti ya bandari. Walipotaka kuufufua mtandao wao wakakuta nakala zote za mtambo unaotambua watumiaji zimefutwa, isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana. Imepona kwa nini? Umeme ulikuwa umekatika! [Kicheko kirefu.] Ndiyo, chekeni. Nakala ile ikabebwa mkononi: mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaipeleka London. Hasara waliyoitaja ilifika karibu dola milioni 300, na kilichowanusuru ni kukatika kwa umeme na mtu aliyebeba diski.

Kwa hiyo mtu akija kuwauzia mfumo, mwulizeni kwanza: ukizimika, tunafanya nini saa ya kwanza? Akikosa jibu, mpeni soda, aende.

Barabara nazo zinakatika. Mwanzoni mwa Mei huohuo wa 2024 mafuriko pamoja na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini, na Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Hapo programu haijengi daraja. Lakini mfanyabiashara aliyejua mapema mzigo wake uko wapi, gari lipi limeshapita na lipi bado, aliweza kulirudisha moja, kuugawa mzigo, kumpigia mteja wa Kilwa asitoe pesa bado. Mwingine alikaa akingoja dereva apate mtandao. Kustahimili maana yake ni hiyo: pigo linawapata wote, ila mmoja ana saa sita za kujipanga na mwenzake hana.

Kwenye reli na kahawa nitapita haraka. Bandari Kavu ya Kwala, yaani yadi ya makontena nje ya mji, kule Pwani, ilizinduliwa Julai 2025, na kila kontena linalokwenda kule kwa treni ni lori moja pungufu mjini. Faida itapotea iwapo mwenye mzigo hataambiwa kontena lake limefika lini, maana atamtuma wakala aende kuangalia kwa gari, akose, arudi. Wenye kahawa, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kila gunia lijulikane limetoka shamba lipi, kwa alama za ramani, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele, lakini msilale: kupima mashamba ya wakulima wadogo wa Mbinga au Kagera si kazi ya wiki moja. Halafu ulizeni hizo ramani zitakuwa mali ya nani, ya mkulima au ya mnunuzi.

Maswali. Wewe kijana mwenye shati la kijani.

[Kijana: Shikamoo mwalimu. Sisi tunatengeneza programu ya kumkutanisha mkulima wa nyanya na mnunuzi moja kwa moja, tumwondoe dalali. Unatushauri nini?]

Marahaba. Dalali mmemwuliza? [Kicheko.] Sitanii. Mkulima wa Ilula akikosa pesa ya dawa ya kupulizia mwezi wa pili, anampigia nani? Dalali. Mnunuzi wa Ilala asiyejulikana anachukua matenga kumi kwa dhamana ya nani? Dalali. Mkimwondoa, mikopo na dhamana vitabebwa na nani, programu yenu? Tena yeye ndiye anayejua Fuso ngapi zimepakia usiku huu, ila habari hiyo kwake ndiyo mtaji, hawezi kuitoa bure. Yule mhudumu wa Ulanga alipewa vocha. Ninyi mtampa nini?

Nenda hapo soko la Ilala kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuandika mstari mwingine wa programu. Yupo mmoja ninayemfahamu, huwa anakaa juu ya kreti tupu karibu na mama wa chapati, ana simu mbili na daftari moja. Mwombe akuonyeshe daftari.