Hofu ni Kwako: Barua za Askari na Mkewe, kutoka Bama hadi Kagera

Wazee wangu, mama zangu na ndugu wote mliofika hapa Masasi jioni ya leo, nimeombwa nizungumzie barua za vitani, nami nitazungumzia hizi zilizo mezani, ambazo zilikaa miaka mingi ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda cha mama yangu. Ndani ya kopo hilo, mbili zilitoka kwa babu mzaa mama alipokuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika vita vya Bama, nchi iitwayo sasa Myanmar, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kumi na moja waliandikiana baba na mama wakati wa Vita vya Kagera. Swali langu ni dogo tu: barua ilipofika, nani aliisoma?

Babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga mbele katika bonde la Kabaw kwenye mvua kubwa za mwaka 1944 na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Hayo tumeyajua baadaye. Katika barua hayamo, kwa sababu barua ya askari ilipita kwanza mikononi mwa mkaguzi, na askari hakuruhusiwa kutaja mahali alipo. Tena babu hakujua kuandika, akaandikiwa na mwenzake. Bibi naye hakujua kusoma, kwa hiyo barua ilifikia kwa mjomba wake, kama desturi yetu ya huku inavyompa mjomba nafasi yake, mjomba akamwita mwalimu wa misheni, na mwalimu akaisoma kwa sauti barazani. Mpaka neno la mume limfikie mkewe, lilikuwa limeshapita kwa mwandishi, mkaguzi, mjomba, mwalimu, na majirani waliokuja kusikiliza.

Ndiyo maana barua ya kwanza karibu yote ni salamu. Nimehesabu watu kumi na wanne waliotajwa kwa majina, maana babu alijua watakaokuwapo barazani, na asiyetajwa angenuna. Mwishoni kabisa upo mstari mmoja unaouliza kama mlango wa nyuma umekwisha kutengenezwa. Nyumba ile haikuwa na mlango wa nyuma. Bibi alitueleza uzeeni kwamba kabla ya kuondoka mumewe alimwahidi kuutoboa mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, ili mke asipite mbele ya wageni kila anapokwenda jikoni, na kuuliza kule kulikuwa ni kumwambia kwamba hajasahau. Mwalimu aliusoma mstari ule kama habari ya ujenzi.

Sasa tuvuke miaka. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Masasi ikawa miongoni mwa wilaya zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971. Mama alikwenda kisomo jioni, baada ya shamba. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaanguka, baba aliondoka na kikosi chake akimwacha nyumbani mke anayejua kusoma.

Kagera na Mtwara ni pembe mbili za nchi zinazopeana mgongo, na mto Rufiji wakati ule haukuwa na daraja, hivyo masika yakichachamaa, barua nayo ilikaa ng'ambo pamoja na abiria. Ilifikia kwenye sanduku la posta la shule, na mwanafunzi akaileta nyumbani. Barua aliyoiandika baba mwezi Februari ilimfikia mama mwezi Mei, wakati redio ilikwisha kutangaza kwamba Kampala imetekwa tarehe 11 Aprili, na ndani yake baba anauliza kama fedha za korosho zimelipwa.

Wapo wanaoucheka mtindo wetu wa kuanza barua: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali nami. Wanasema ni maneno ya kujazia karatasi. Mimi siwaungi mkono. Baba aliyaandika akiwa mahali ambapo makombora yanaanguka, naye mama akamjibu kwa maneno hayohayo akiwa chini ya mkorosho. Kila mmoja akajitoa katika hatari na kumweka mwenzake, na hofu hizo mbili zikapishana njiani kwa miezi.

Lakini tazameni barua hii ya mama, ya penseli, yenye herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zinapapasika nyuma ya karatasi. Majirani wote wamepewa mstari mmoja wa salamu. Kurasa mbili zinazofuata ni ugomvi: baba aliondoka bila kumweleza kwamba amekopa kwa shemeji yake, na mwenye deni amekuja kudai. Anamwita mumewe msiri, anamwuliza alidhani yeye ni mgeni katika nyumba ile. Nawaombeni mfikirie maneno hayo yakisomwa na mwalimu barazani, mjomba amekaa pale. Bibi asingeweza kuyatuma, hata kama alikuwa nayo. Baba aliihifadhi barua hiyo mkobani mpaka aliporudi nayo.

Mama amekuja, amekaa mstari wa tatu. Ameniruhusu kuwaonyesha barua tano kati ya zile kumi na moja. Sita amezibakiza nyumbani, nami sijazisoma. Hizi tano karibuni mzitazame, ila mzishike kwa pembe, kwani karatasi imelainika.